Waliopimwa ni Akina Nani?

Msikilizaji wa Viwanja Sitini, Ifakara, na bonde zima la Kilombero, umesikia kwamba simu inaua nguvu za uzazi? Kabla ya kuamini, uliza: waliopimwa ni akina nani?

Mwaka 2008, watafiti wa Cleveland, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu simu na mbegu za kiume. Wanaume waliopimwa walikuwa wamekwenda kliniki kwa matatizo ya uzazi. Hao hawawakilishi wanaume wote.

Vivyo hivyo, ukihesabu wagonjwa wa malaria wodini tu, utadhani Ifakara nzima inaumwa. Ndiyo maana Taasisi ya Afya Ifakara, tangu mwaka 1996, hufuatilia kaya za bonde hili nyumba kwa nyumba. Wazima wamo, wagonjwa wamo.

Basi ukisikia utafiti, usiusambaze kabla ya kuuliza: waliopimwa ni akina nani?

Na ninyi mliotafuta mtoto mwaka mzima bila mafanikio, msikimbilie kuilaumu simu, wala msimlaumu mke peke yake. Nendeni kituo cha afya, baba na mama, mkapimwe wote wawili.