Chuma Kizito Kuliko Risasi: Maneno kwa Wanachama wa Kitale na Bungoma



Kitale tuliulizwa: silaha za vita vya ng'ambo zatuhusu nini sisi wakata vyuma chakavu? Swali ni la haki, nasi twalijibu na hapa Bungoma.

Urani ikichimbwa, hutolewa ile sehemu yenye nguvu ya kuendesha mitambo na mabomu. Kinachobaki ni makapi. Mionzi yake ni pungufu kuliko ya urani asilia, lakini kwa uzito yapita madini ya risasi karibu mara 1.7. Ndiyo maana majeshi yalifanyia risasi za kutoboa vifaru, na katika vita vya Ghuba vya 1991 zikamwagwa kiasi cha tani 300 hivi.

Ikigonga kifaru huwaka, vumbi likaruka. Mtu akilivuta au kulimeza, figo ndizo huumia kwanza, kwa sumu ya madini yenyewe. Juu ya saratani wataalamu wangali wanabishana, nasi hatutawatisha kwa yasiyothibitishwa. Lakini huko Bosnia, miaka zaidi ya saba baada ya mabomu, wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliikuta, ingawa kidogo, katika maji ya ardhini.

Wala Afrika haiko mbali. Urani nyingi ya bomu la Hiroshima, 1945, ilitoka Shinkolobwe, Katanga. Mgodi ulifungwa, ila njaa haifungwi: mwaka 2004 watu walikuwa humo wakichimba kobalti kwa mikono. Julai machimbo yakaporomoka, wakafa wanane.

Hatusemi makapi hayo yamefika Kitale. Twasema hutumika pia kukingia masanduku ya vifaa vya mionzi, na kama vizito katika ndege za zamani. Vitu hivyo vikizeeka huwa chakavu kama vingine. Nasi twalipwa kwa kilo! Kipande kidogo chenye uzito wa ajabu ni furaha mizanini. Mwenzetu mmoja alipouliza ni chuma gani, aliambiwa akate tu.

Ndugu, msikate. Kikitoa cheche kupita kawaida, au kikiwa na alama ya mionzi, kiacheni, watu wakae mbali, mkanawe, na Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia iitwe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kifungu cha 14, yasema mfanyakazi akiripoti hatari kubwa, mwajiri hana ruhusa kumrudisha mahali pale kabla ya kuiondoa.

Yadi zisizo na glavu, barakoa wala maji ya kunawa, mpeni katibu wa tawi majina yake kabla ya mwisho wa mwezi. Tutakwenda kwa wenyewe pamoja, si mmoja mmoja.