Ngazi za Hardwick: Cheo Katika Usanifu wa Jumba la Kiingereza



Majumba ya kale ya mashambani Uingereza husifiwa zaidi kwa sura yake ya nje. Jioni ya leo naomba tuingie ndani ya moja na kufuata njia za wakazi wake, kwa kuwa hoja yangu ni kwamba msanifu wa jumba la namna hii hupanga watu kabla ya kupanga mawe.

Jumba lenyewe ni Hardwick Hall, Derbyshire, lililojengwa kati ya 1590 na 1597. Mwenyewe alikuwa Elizabeth, mjane wa Earl wa Shrewsbury, maarufu kama Bess wa Hardwick, mmoja wa wanawake matajiri kabisa wa zama zake. Anayetajwa kuwa msanifu wake ni Robert Smythson, fundi aliyeanzia kwenye uashi.

Tuanze mlangoni. Katika majumba ya zamani zaidi, ukumbi mkuu ulilala sambamba na uso wa jengo, nao mlango ukafungukia pembeni mwa ukumbi huo. Matokeo yake, mlango haukukaa katikati. Hardwick, ukumbi umegeuzwa ukakata jengo kutoka mbele kwenda nyuma. Kwa hatua hiyo moja mlango ukapata nafasi ya katikati na ulinganifu wa uso mzima ukawezekana. Lakini ukumbi, ambamo zamani bwana alikula pamoja na watu wake, ukabaki mahali pa watumishi na pa kupitia. Wakubwa walihamia juu.

Madirisha yanathibitisha hayo. Kioo kilikuwa ghali, na hapa madirisha huzidi kurefuka kadiri unavyopanda: mafupi chini, makubwa mno ghorofa ya pili. Ili kuta za nje zibebe vioo vyote hivyo, dohani nyingi zilijengwa ndani ya kuta za kati. Hata hivyo, baadhi ya madirisha ni ya uongo. Nyuma ya kioo pana ukuta. Minara sita inabeba herufi ES za jina la mwenye nyumba, zikisomeka toka mbali.

Ngazi za mawe hupita katikati ya jumba hadi Chumba Kikuu cha Juu, chenye michoro ya plasta ya mungu wa kike Diana akiwinda msituni, heshima kwa Malkia Elizabeth wa Kwanza. Malkia hakufika kamwe. Chakula kilitoka jikoni, ghorofa ya chini, kikapandishwa kwa msafara kupitia ngazi zilezile walizopanda wageni. Mtumishi aliyebeba sahani alikuwa sehemu ya fahari yenyewe.

Karne ya 17 iligeuza mambo. Msanifu Roger Pratt, katika jumba la Coleshill, aliwatengea watumishi ngazi zao, wasikutane na mabwana. Cheo, ambacho Hardwick kilionyeshwa hadharani, sasa kililindwa kwa kumficha anayekihudumia. Sura ya nje peke yake isingetueleza badiliko hilo.

Kwa hiyo, wanafunzi wa usanifu, mkipewa jengo mlichambue, pimeni uso wake, kisha ulizeni chakula kinapita wapi na nani anakibeba. Jengo lisilojibu swali hilo bado hamjalisoma.