Si Kila Tyubu ni Silikoni: Kuchagua Gundi ya Kuzibia Gari la Safari

Matini ya mada iliyotolewa kwa wamiliki na mafundi wa magari ya utalii, Arusha



Wahenga walitufundisha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuambia ufa huo tuuzibe kwa kitu gani, na hilo ndilo tunalotaka kulizungumza nanyi leo.

Gari la safari hukatwa na kurefushwa bodi, hutobolewa paa ili wageni wasimame kutazama wanyama, kisha hufungwa keria juu. Kila tundu la ribiti na kila kiungio ni njia ya maji. Tena kiungio hakitulii. Paa la alumini lenye urefu wa mita 5, joto lake likipanda kwa nyuzi 40 za Selsiasi, hurefuka kwa takriban milimita 4.6; la chuma hurefuka karibu nusu ya hapo. Ongezeni mtikisiko wa barabara za hifadhini, nanyi mtaona kwa nini gundi isiyonyumbuka hupasuka.

Dukani, karibu kila kizibio kinachouzwa ndani ya tyubu huitwa silikoni. Mnunuzi anayesema "nipe silikoni" amemwachia muuzaji amchagulie. Tuzitenganishe aina hizo.

Silikoni yenyewe hustahimili jua na maji vizuri. Hata hivyo, kwa kawaida haishiki rangi, na mabaki yake huzuia gundi nyingine kushika baadaye. Ile inayonuka kama siki wakati wa kukauka hutoa asidi inayoweza kuanzisha kutu kwenye chuma kitupu; hiyo isitumike kwenye bodi.

Poliurethani hushika chuma kwa nguvu, hunyumbuka na hupakwa rangi. Ndiyo aina itumikayo sana kubandika vioo vya mbele vya magari. Udhaifu wake ni jua: aina zake nyingi huchakaa zisipofunikwa. Kabla haijakauka ina kemikali zinazoweza kudhuru ngozi na njia ya hewa, hivyo fundi avae glavu na afanye kazi mahali penye hewa ya kutosha.

Zipo pia gundi ambazo lebo zake huonyesha herufi MS. Hizi hushika chuma, nyingi hupakwa rangi, na kwa kawaida hustahimili jua kuliko poliurethani. Kwa maungio ya paa yaliyo wazi, hapa ndipo pa kuanzia kutafuta.

Mwisho ni utepe wa butili, ambao hubaki laini. Huwekwa chini ya fremu ya dirisha au ya mfuniko wa paa kabla ya kukaza skrubu, nao haufai kuachwa wazi juani.

Madirisha ya plastiki yahitaji uangalifu wa pekee. Akriliki na polikaboneti huweza kupata nyufa zikiguswa na thina au gundi isiyozifaa. Lebo isipotaja plastiki hiyo, msiitumie.

Kuhusu kiasi, tyubu ya mililita 310 hutoa mstari wa takriban mita 8 na nusu, wenye upana na kina cha milimita 6. Pimeni maungio yenu kwanza, ndipo mkubaliane na fundi idadi ya tyubu. Gundi ya zamani iondolewe, chuma kisafishwe na kukaushwa. Kupaka mpya juu ya iliyopasuka ni kuficha ufa tu.

Kabla ya masika, mtu mmoja amwagie paa maji kwa mpira, mwingine akae ndani na tochi. Maji hayatokei lazima pale yalipoingia. Huweza kupita chini ya kitambaa cha dari na kufika kwenye nyaya au sakafuni, yakaozesha kimya kimya.

Na maji yanapovuja, mwenye gari humlaumu fundi, fundi humlaumu muuzaji, na wote watatu hawana ushahidi. Gari husimama, mkopo hausimami. Kwa hiyo tunawasihi: someni tarehe ya mwisho wa matumizi kabla ya kulipa, daini stakabadhi yenye jina kamili la bidhaa, si neno "silikoni" pekee, andikeni katika makubaliano ya kazi ni gundi gani itatumika na sehemu ipi, hifadhini tyubu tupu pamoja na stakabadhi. Mkishuku kuwa bidhaa ni bandia, tuleteeni vyote viwili. Fundi mwaminifu hulindwa na karatasi hiyo sawasawa na mwenye gari.