Tukae Pamoja, Tutue Mizigo ya Moyo

(Mazungumzo ya afisa elimu ya watu wazima mbele ya wahitimu wa kisomo, Kinampanda, Wilaya ya Iramba)



Mara nyingi nikija hapa huzungumza juu ya mbegu bora, vyoo, au hesabu za kikundi. Leo nina jambo jingine. Nataka tuzungumze juu ya moyo wenye uzito, na jinsi mikono yetu na majirani zetu wanavyoweza kuusaidia.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nafundisha darasa la wanaoanza, katika kijiji kimoja cha mkoa huu. Mnakumbuka ninyi wenyewe: kabla ya kuandika "a" na "e", mtu huzoeza mkono kwanza. Huchora mistari, miduara na vitu vya nyumbani. Siku hiyo nikasema, "Haya, kila mtu achore jembe." Watu wakachora. Nikawa napita nikitazama. Mama mmoja alikuwa amechora jembe, na kando yake amechora kichuguu. Nikamwambia mbele ya wote, "Mama, nimesema jembe tu. Hiki kichuguu umekitoa wapi?" Watu wakacheka. Mama yule akafuta kibao chake kwa kiganja. Hakusema neno. Wiki iliyofuata hakuja. Na iliyofuata tena hakuja.

Jirani yake ndiye aliyenieleza. Mama yule alikuwa amezika mtoto. Kichuguu kile kilikuwa kaburi, na jembe lile ndilo lililochimba. Tangu siku ya matanga hakuwa amezungumza na mtu yeyote habari za mtoto wake. Siku ile darasani alijaribu kwa mara ya kwanza, na mimi mwalimu nikamfunga mdomo.

Nilikwenda kwake kuomba radhi. Akanipa kigoda, akanisikiliza, kisha akasema, "Mwalimu, mimi sikuwa na maneno. Mkono ndio uliotangulia."

Aliporudi darasani, tulikubaliana sote kutenga saa moja kila Alhamisi baada ya kisomo. Katika saa hiyo kila mtu alichora au kufinyanga anachotaka, na mwalimu hakusahihisha. Siku moja mama yule alichora mtoto amebeba kibuyu cha maziwa. Akatusimulia habari zake. Tulilia, halafu tukacheka, maana mtoto huyo alikuwa mtundu sana. Sisemi kwamba majonzi yake yaliisha. Lakini alianza tena kulala usiku, na alianza tena kwenda kisimani pamoja na wenzake.

UGONJWA WA MAWAZO

Hapa kwetu tunasema, "Fulani ana mawazo." Mtu huyo halali vizuri. Chakula hakimpendezi. Shamba analitazama tu. Anajitenga na watu, au anagombana nao bila sababu. Mwingine hukimbilia pombe. Kichwa kinauma, mgongo unauma, akipimwa malaria haionekani. Hali hii ikikaa muda mrefu na kuwa kali, madaktari huiita sonona. Ni ugonjwa kama magonjwa mengine. Haumaanishi kwamba mtu ni mvivu, wala kwamba amerogwa na jirani yake.

Sababu zake tunazijua. Msiba, ukame, deni, ugomvi wa ndoa, maradhi ya muda mrefu, kijana aliyekwenda mjini asirudi. Na sisi tumefundishwa kuvumilia na kunyamaza, hasa wanaume. Lakini wazee walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Mzigo wa moyo ukifichwa, siku moja utatoka wenyewe, na pengine utatoka vibaya.

MIKONO ILIKUWAKO KABLA YA KALAMU

Mtu anaweza kusema, "Mimi sijui kuchora. Hiyo ni kazi ya wasomi." Ndugu zangu, hiyo siyo kweli.

Tazameni jirani zetu wa Kondoa. Kule Kolo kuna miamba na mapango yenye michoro ya watu na wanyama, mingi ikiwa ya rangi nyekundu. Iko sehemu zaidi ya 150. Michoro mingine ina umri wa maelfu ya miaka, na waliochora hawakuwa na shule wala daftari. Mwaka 2006 Shirika la UNESCO liliiweka michoro hiyo katika orodha ya urithi wa dunia. Mkoa wetu wa Singida nao unayo miamba ya namna hiyo. Na pale Mungomi wa Kolo wenyeji wameendelea kukusanyika kwa matambiko ya kuomba mvua na uponyaji. Mimi sikufundishi dini wala matambiko. Nataka uone tu kwamba picha, mkusanyiko wa watu na haja ya kupona vimekaa pamoja katika nchi hii tangu zamani.

Tena tazama nyumbani kwako. Nani alimfundisha bibi yako kupamba kibuyu? Mama anayesuka kikapu huchagua mwenyewe rangi ipite wapi. Anayekandika ukuta wa tembe huacha alama za vidole vyake, na kila mmoja ana mtindo wake. Hiyo ni sanaa. Hakuna aliyeifanyia mtihani.

Mfano mwingine ni ndugu Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru. Hakusoma chuo cha sanaa. Alifanya vibarua mbalimbali, na mwaka 1968 huko Dar es Salaam akaanza kuchora ndege na wanyama kwenye vipande vya mbao laini, akitumia rangi za kawaida za dukani. Alichora kwa namna moyo wake ulivyomtuma. Alifariki mwaka 1972, yaani alichora miaka michache tu. Lakini jamaa na wanafunzi wake waliendelea, na leo picha za mtindo huo huitwa kwa jina lake duniani kote.

Sikutegemei uuze picha. Ukiuza, vizuri. Ninachosema ni kwamba uwezo wa kubuni tunao sote, na mtu aliyebanwa na mawazo anapotengeneza kitu kwa mikono yake, akili hupata pa kushika. Kilichokuwa kinazunguka kichwani usiku kucha sasa kiko mbele yake, anaweza kukitazama. Mwaka 2019 ofisi ya Shirika la Afya Duniani inayohusika na Ulaya ilitoa taarifa iliyokusanya matokeo ya uchunguzi zaidi ya 3,000. Taarifa hiyo ilionyesha kwamba kuchora, kuimba, kucheza ngoma na kazi nyingine za sanaa husaidia afya ya mwili na ya akili.

KWA NINI TUKAE PAMOJA?

Je, mtu hawezi kuchora peke yake nyumbani? Anaweza. Lakini anayeumwa moyo tayari yuko peke yake, na upweke huongeza ugonjwa. Anahitaji macho ya watu wanaomtakia mema.

Sikilizeni habari ya Uganda, maana iliandikwa na kupimwa vizuri. Katika wilaya za Rakai na Masaka walichaguliwa watu wenye sonona kutoka vijiji 30. Katika nusu ya vijiji hivyo watu walikusanyika kwa vikundi vidogo, wanawake peke yao na wanaume peke yao. Walikutana mara moja kwa wiki, saa moja na nusu, kwa wiki 16. Viongozi wao hawakuwa madaktari. Walikuwa wenyeji waliopewa mafunzo ya wiki mbili. Kazi yao ilikuwa kuzungumza juu ya yale yaliyowasibu na kusaidiana njia za kutoka.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2003. Katika vijiji vyenye vikundi, mwanzoni watu 86 katika kila 100 walikuwa na sonona kali. Mwishoni walibaki kama 7 tu. Katika vijiji visivyo na vikundi walikuwa 94 katika kila 100, wakabaki 55. Kwa hiyo muda peke yake husaidia kidogo, lakini kukaa pamoja kulisaidia zaidi sana.

Wale wa Uganda walizungumza tu, hawakuchora. Wenzetu wa Rwanda wameunganisha yote mawili. Huko kuna sanaa ya zamani iitwayo imigongo, michoro inayotengenezwa kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, kisha hupakwa rangi. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, sanaa hiyo ilikuwa karibu kupotea. Wanawake, wakiwemo wajane, wakaungana katika ushirika na kuifufua. Na mwaka 2004 huko Butare kilianzishwa kikundi cha ngoma cha wanawake kiitwacho Ingoma Nshya. Ndani yake wamo waliofiwa, na wamo pia ndugu wa waliofanya mauaji. Wanapiga ngoma pamoja. Kama watu hao wameweza kukaa kikao kimoja, je, sisi tuliogombana juu ya mpaka wa shamba tutashindwa?

Wala kwetu jambo hili si geni. Mwaka 1973 katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 wa nchi hii walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Wazee wengine walioko hapa walikuwamo. Kama tuliweza kukaa pamoja kwa ajili ya afya ya mwili, tunaweza kukaa kwa ajili ya afya ya moyo.

NAMNA YA KUANZA

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Haihitaji fedha.

1. Watu wawe 8 hadi 12. Wakizidi, wengine hawatapata nafasi ya kusema.

2. Chagueni siku moja ya wiki na saa moja, mkae chini ya mti au darasani. Miezi baada ya mavuno ni mizuri kuanzia, maana kazi za shamba zimepungua.

3. Tafuteni vifaa vya hapa hapa: udongo wa kufinyanga, udongo mwekundu, mkaa, majivu, chokaa, nyasi za kusukia, vibuyu vilivyopasuka, upande mweupe wa karatasi za zamani. Vijiti vilivyotafunwa ncha huwa brashi nzuri.

4. Anzeni kwa wimbo mmoja mnaoujua nyote. Kisha kila mtu afanye kazi kimya kwa nusu saa. Asiulize "nichore nini?" Aanze na mstari, auache mkono uende.

5. Kisha anayetaka aonyeshe kazi yake na kuieleza. Asiyetaka aachwe. Kunyamaza si kosa.

6. Wekeni sheria tatu, nanyi mzishike. Ya kwanza, hakuna kumcheka mtu. Ya pili, hakuna kusahihisha. Usiseme, "Mbona ng'ombe wako ana miguu mitano?" Sema, "Ukipenda, tueleze." Ya tatu, yaliyosemwa hapo yabaki hapo. Anayeyapeleka kilabuni atakuwa amekiua kikundi.

7. Kiongozi awe msikilizaji. Asiwe mtu wa kuhubiri wala wa kutoa hukumu. Ninyi mnaojua kusoma mnaweza pia kuandika maneno machache chini ya picha zenu. Kwa njia hiyo hamtasahau kusoma na kuandika.

MAHALI PA KUSIMAMA

Kikundi si hospitali. Naomba hili lisisahaulike.

Mtu akisema anataka kujiua, usimwache peke yake hata kidogo. Akisikia sauti ambazo wengine hawasikii, akikataa kula kwa siku nyingi, au akianza kuwadhuru watu, mpelekeni zahanati mara moja. Kutoka hapo atapelekwa hospitali ya wilaya Kiomboi, na ikibidi Mirembe, Dodoma. Dawa zipo na zinasaidia. Aliyepewa dawa asiziache kwa sababu amejiunga na kikundi. Afanye yote mawili. Na kumfunga kamba mgonjwa au kumtafutia mchawi ni kumwongezea maumivu.

MWISHO

Ndugu zangu, mlipoingia kisomo wengi wenu mlisema, "Mimi ni mzee, mkono wangu umezoea jembe, hauwezi kalamu." Leo mnasoma gazeti. Mkono ule ule unaweza pia kuchora yaliyomo moyoni.

Nami nimejifunza. Siku hizi nikiona kichuguu kando ya jembe, simwulizi mtu amekitoa wapi. Nakaa chini karibu naye, nangoja.



Maswali ya kujadiliana:

1. Hapa kijijini ni nani amejitenga siku hizi? Nani kati yenu atakwenda kumtembelea wiki hii?
2. Ni vifaa gani vya kuchora, kufinyanga au kusuka vinavyopatikana karibu nanyi?
3. Kwa nini wanaume huona haya kusema kwamba wana majonzi? Mnaweza kuwasaidiaje?
4. Ni dalili gani zitakazowafanya mumpeleke mtu zahanati bila kungoja?