Reli Ijayo na Njia ya Baiskeli: Mhadhara kwa Watu wa Ngara na Biharamulo



Nimeombwa nizungumzie reli zilizoachwa na namna zinavyogeuzwa kuwa njia za watembea kwa miguu na baiskeli. Katika wilaya zetu mbili, Ngara na Biharamulo, hakuna reli ya kugeuza. Tulicho nacho ni ahadi ya reli, nayo ni ya zamani. Mwaka 1914, mara tu Reli ya Kati ilipofika Kigoma, Wajerumani walianza nyingine kutoka Tabora kuelekea kona ya mto Kagera. Agosti vita ikazuka, kazi ikasimama mbali na huku. Mwaka 1919 Waingereza wakakatiwa eneo la Gisaka, ng'ambo ya Rusumo, kwa hoja kwamba reli ya kutoka Cape Town hadi Cairo ingepita hapo. Haikupita, na baada ya miaka michache Gisaka ikarudi Rwanda. Januari 2018 Tanzania na Rwanda zikakubaliana kujenga reli ya kisasa kutoka Isaka hadi Kigali.

Kwa nini basi mkulima wa Ngara ajali njia za baiskeli za Marekani? Kwa sababu ya mwinuko. Treni haiwezi milima. Wahandisi huikatia vilima na kuijazia mabonde, hata mwinuko ni mara chache huzidi mita 2 kwa kila mita 100. Kati ya Elroy na Sparta, jimboni Wisconsin, reli iliachwa na katika miaka ya 1960 tuta lake likafanywa njia ya baiskeli, takriban kilomita 51, ikiwa na mahandaki matatu. Hispania ilianza mpango wake wa njia kama hizo mwaka 1993. Wenzetu hao huendesha kwa kujifurahisha. Huku baiskeli ni kazi.

Mtazameni mchukuzi wa ndizi. Mikungu imefungwa kwenye kariya kwa mipira ya tairi kuukuu, mizito hata gurudumu la mbele linataka kuinuka. Kupanda, anashuka na kusukuma, kifua kimelalia usukani. Kuteremka ndiko kunatisha zaidi: breki zimekwisha, anakanyaga tairi la nyuma kwa kandambili, na nyuma yake linakuja lori la Kigali au Bujumbura. Huko Burundi vijana hushika mkia wa lori ili liwavute mlimani, na wengine wamekufa hivyo. Mtu huyu anahitaji mteremko wa treni kuliko mtalii yeyote.

Najua mtaniambia tungoje reli izeeke. La. Reli ya Moshi na Arusha ililala miaka mingi, nyasi zikaota kati ya mataruma, kisha treni ya abiria ikarudi Moshi Desemba 2019 na Arusha mwaka uliofuata. Iliwezekana kwa kuwa hifadhi ya reli ilikuwa bado mali ya umma. Wamarekani waliliweka hilo katika sheria mwaka 1983: reli isiyotumika yaweza kuwa njia ya baiskeli huku ardhi yake ikitunzwa, treni ikihitajika irudi. Maana yake treni na baiskeli zinaweza kurithiana ardhi. Mimi naomba ziishi pamoja tangu mwanzo.

Reli ya kisasa huzungushiwa uzio, na uzio hukata njia za shamba, za kisima na za shule. Lakini mkandarasi hulazimika kufungua barabara ya ujenzi kando ya tuta. Barabara hiyo isiachwe ikamezwa na magugu. Ishindiliwe changarawe, iwekewe mifereji, ikabidhiwe halmashauri iwe njia ya miguu na baiskeli, upande wa nje wa uzio. Mahali inapoachana na tuta, kwenye madaraja makubwa, isanifiwe upya isije ikawa mlima tena. Vivuko vya chini ya reli viwe na upana wa kutosha baiskeli yenye mikungu miwili ubavuni. Panapokaribia hifadhi ya Burigi-Chato, wahifadhi waulizwe kwanza kuhusu njia, maana tembo nao wana mapito yao.

Gharama ya haya ni ndogo yakiwamo kwenye mchoro, na ni kubwa mno yakidaiwa baada ya uzio kusimama. Kwa hiyo nawaomba madiwani: wapimaji watakapokuja kuweka vigingi, wenyeviti wa vijiji wawe wamekwishaorodhesha kila njia inayokatiza, nani huipita, amebeba nini, na saa ngapi. Orodha hiyo ifike Shirika la Reli kabla usanifu haujafungwa, na nakala ibaki katika ofisi ya kata.