Mutego wa waya hauchague

Baba na mama muliorudi kutoka Nyarugusu, sikukuja kuwakataza mboga. Mutu aliyekuta shamba lake limekuwa pori, lazima atafute kitu cha kutia ku sahani. Lakini huku Ngandja mutego wa waya hauchague: unategea simbiliki, unakamata sokomutu mukono, anabaki kilema. Na yule anayeuzisha mutoto wa sokomutu, mujue ameua mama yake kwanza. Hiyo si njaa, ni biashara, na sheria ya 2014 inaikataza.

Munaogopa kumusema kwa sababu ni shemeji, tena iko na bunduki. Basi musimufuate. Muambie ICCN mahali, siku, na kile muliona kwa macho, si cha kusikia. Na mbele ya kufungua kinywa, muombe majina yenu yasitajwe.