Msiba Usio na Safu Daftarini



Sisi tuandikao daftari la chama twajua desturi yake. Akifa mzee, twaandika. Akifa mtoto mwenye jina, twaandika, na mchango hutoka. Lakini mwaka uliopita mke wa mwanachama mmoja alijifungua mtoto asiye na uhai, mimba ikiwa ya miezi minane. Tuliuliza tuandike katika safu gani, hatukujibiwa, nasi tukalifunga daftari. Hakuna aliyetumwa kumpa pole. Kosa hilo ni letu sote.

Msiba huu si wa watu wachache. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba kila mwaka watoto wapatao milioni 2 huzaliwa wafu baada ya majuma 28 ya mimba. Na mimba ziharibikazo kabla ya hapo ni nyingi zaidi. Malaria na shinikizo la damu ni miongoni mwa sababu, na mimba changa nyingi huharibika kwa kasoro iliyokuwamo tangu kutungwa kwake. Basi si haki mama kuulizwa alikosa nini, wala kuhimizwa asahau kwa kuwa atapata mwingine.

Ng'ambo yako mahospitali ambamo mgonjwa huvikwa miwani ya mtambo, imwonyeshayo bahari au msitu mtulivu kana kwamba yumo ndani yake, ili maumivu na hofu vipungue. Hatuudharau ujuzi huo. Lakini mama wa Keroka akitoka nje huiona milima bila miwani; akikosacho ni mtu wa kuketi naye. Nairobi kuna shirika liitwalo Still A Mum, lililoanzishwa na Bi. Wanjiru Kihusa, ambaye mwenyewe alifikwa na msiba huo. Huko akina mama hukutanishwa, wakapata washauri na wenzao wa kusema nao.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu: safu iongezwe daftarini, akina mama wawili wateuliwe katika kila tawi, wamtembelee mfiwa, na kumpeleka hospitali huzuni ikimzidi, na wazee wamwendee mume, kwani naye amefiwa.

Huenda mtu akauliza fedha zitatoka wapi. Ziara hiyo haihitaji ila nauli na saa moja. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.